Safu ya Mawe Meupe

Kama umewahi kupita kwetu ukalisogelea lile kaburi la mawe bila kufunga geti nyuma yako, basi mimi ndiye yule mama aliyekutolea maneno. Siombi radhi. Kwa miaka ishirini na nane nimewafukuza watu pale: wapiga picha, wanafunzi wa Dublin waliotaka kupanda juu ya jiwe la paa, na Mjerumani mmoja aliyetia kokoto mfukoni eti ukumbusho. Huyo nilimkimbiza mpaka kwenye gari lake na fimbo ya kuswagia ng'ombe.

"Rudisha!" nikamwambia. "Hilo jiwe limekaa hapo miaka elfu tano, wewe ni nani ulihamishe?"

Akarudisha, maskini, uso umemwiva. Majirani wakanibandika jina, Askari wa Makaburi, nami nikalipenda. Nayasema haya mapema ili ujue anayekusimulia ni mtu wa namna gani, na ujue kwamba kilichonipata nilikitafuta kwa mikono yangu mwenyewe.

Naitwa Dympna Gilmartin. Nina miaka hamsini na minne, sijaolewa, nakamua ng'ombe thelathini na wawili hapa Sligo, na nakaa na mama yangu Delia aliyetimiza sabini na minane. Kaburi liko kwenye malisho yetu ya juu. Mawe sita marefu yamesimama, moja pana limelala juu yao, na pembeni pana kiwanja kidogo cha nyasi ndani ya uzio. Sisi tunaliita Kitanda, kama walivyoliita waliotutangulia. Serikali imesimika kibao pale: mali ya taifa, ni marufuku kuchimba, ni marufuku kuondoa chochote.

Mambo yalianzia kanisani, Jumapili moja ya mwezi wa tano, mwaka elfu mbili na saba. Paroko wetu mpya, kijana mwenye miwani, alisimama akasema kwamba Roma imetoa waraka. Tunaruhusiwa sasa kutumaini kuwa watoto wachanga waliokufa bila ubatizo wako kwa Mungu. Hebu fikiria. Sisi tulilelewa tukijua kwamba wale wanakwenda Limbo, mahali ambapo si mbinguni wala si motoni, na huko hawatamwona Mungu wala mama zao milele na milele. Kijana wa watu alilifuta jambo hilo kwa dakika mbili, kisha akatangaza mauzo ya keki.

Mama hakuinuka kwenda kupokea komunyo. Nikamgusa kiwiko. Hakunitazama. Njiani kurudi nilimuuliza kama anaumwa, akasema endesha gari.

Nyumbani alivaa aproni yake, akachukua beseni la viazi, akaanza kumenya. Mimi nilikuwa nakata kabichi huku namsengenya padri na keki zake.

"Dympna," akasema. "Kabla yako alikuwepo mwingine."

"Mwingine nani?"

"Mtoto. Wa kike. Mwezi wa pili, mwaka hamsini na moja. Theluji ilikuwa imefika madirishani na baba yako alikwenda kumwita mkunga kwa miguu. Mtoto hakungoja." Aliendelea kumenya. "Alilia mara mbili. Mtu asije akakwambia alizaliwa amekufa. Mara mbili, nilimsikia kwa masikio yangu."

Nikaweka kisu chini.

"Ndoo ya maji ilikuwa kule mlangoni," akasema. "Mtu yeyote anaweza kubatiza mtoto anayekufa, hata mwanamke, maji na maneno yale basi. Tulifundishwa shuleni. Niliona anabadilika rangi. Nikashuka kitandani nikawa natambaa niifuate ndoo, na damu inanitoka, we acha tu. Nikafika nusu ya sakafu. Nilipozinduka, baba yako na mkunga wako mlangoni wanakung'uta theluji, na yeye alishanyamaza."

Jamani, nilikuwa sijui niweke mikono wapi. Hamsini na minne mimi, maisha yangu yote nimeishi na mwanamke huyu ndani ya nyumba hii, juu ya sakafu hiyo hiyo, na sikujua kitu.

"Mkamzika wapi?"

"Asiyebatizwa hazikwi makaburini, unajua. Walikuwa wakipelekwa Kitandani, wakae na wale wa kale ambao nao hawakubatizwa. Wanaume ndio walikwenda nao, alfajiri, kabla jua halijatoka. Baba yako na mdogo wake Thady. Walimtia kwenye kisanduku cha sabuni. Mama haendi. Mama haambiwi mahali. Baba yako aliporudi alisema, nimemwekea jiwe jeupe, Delia, na sasa tusimtaje tena. Basi. Hatukumtaja."

Aliposema jiwe jeupe, damu ilinikimbia usoni. Niligeukia jiko nikajifanya naangalia sufuria, kwa sababu nilikuwa nimeshajua. Naomba nieleze sasa hivi, kwa maana nikichelewa nitajitetea, na sitaki kujitetea.

Mwaka sabini na tisa, baba akiwa na mwaka mmoja tangu afe, ilikuja barua kwamba mtu wa serikali atapita kulikagua Kitanda ili liingizwe kwenye orodha ya yanayolindwa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, shamba limeniangukia mimi, na kichwa kimenijaa ujuaji. Nikataka pang'ae. Nikafyeka miiba yote. Chini ya miiba, ndani ya nyasi, nikakuta mawe meupe, madogo, kila moja kiasi cha mkate. Sasa, sisi watu wa huku ni waokota mawe. Kila majira ya kuchipua shamba linatapika mawe, unayaokota toka hujajua kusoma, na ukikuta jiwe dogo kwenye nyasi unajua kuna babu wa mtu aliyelitupa hapo aondokane nalo. Makaburi ya kale yote ya huku yamefanywa jalala la mawe ya shambani. Sikuwaza mara mbili. Niliyapakia kwenye toroli, nikayashusha, nikayamwaga kwenye msingi wa banda jipya la kukamulia. Wiki ile ile tukamwaga zege juu. Mtu wa serikali alipokuja alisema pasafi sana, hongera, na ole wangu nikiruhusu mtu aguse hata kokoto.

Ndivyo nilivyopata uaskari.

"Nataka nijue alipo," Mama akasema nyuma yangu. "Padri akisema wako kwa Mungu, sawa, nashukuru. Mimi nina maji yangu ya baraka kwenye kichupa. Nataka nimwagie pale pale alipo, nimwite jina lake. Siku ile nilifika nusu ya sakafu, Dympna. Nataka nimalizie."

Padri angesema maiti habatizwi. Lakini padri hakuwepo siku ile.

"Nani atajua alipo?" nikauliza, na sauti yangu niliisikia inavyotoka, kama ya mwizi.

"Thady yuko hai," akasema. "Nipeleke kwa Thady."

Baba mdogo Thady ni ndugu wa mwisho wa baba. Alikwenda Uingereza mwaka uliofuata baada ya mambo hayo, akajenga barabara na nyumba za watu kule Coventry kwa zaidi ya miaka hamsini, na mwaka jana akarudi kuja kufia kwetu, katika nyumba ya wazee ya mjini. Miguu imemwisha na macho yana ukungu, lakini ulimi mzima.

Tulimkuta siku iliyofuata kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, anazozana na televisheni.

"Loo! Shemeji Delia!" akapaza sauti. "Bado uko hai wewe?"

"Nakungoja utangulie, Thady. Mbona umebaki pua tupu?"

"Pua ndiyo iliyowavutia wasichana. Na huyu mkali ndiye Dympna? Nasikia umemfukuza Mjerumani. Kaka yangu angecheka mpaka aanguke."

Mama hakuketi. Alibaki amesimama, mkoba umekumbatiwa kifuani, akamwambia waziwazi anachotaka. Mikono ya Thady ikaanza kupapasa blanketi. Nilimwona mzee yule anavyozeeka zaidi mbele ya macho yangu.

"Kaka Bartley alinikataza kusema," akasema.

"Bartley ameshakufa."

"Ndiyo. Ameshakufa." Akafuta pua kwa mkono. "Lilikuwa la tatu. Kuna safu ya mawe meupe, shemeji, yale ya watoto wote wa mtaa wetu, wa miaka na miaka. Yameanzia kwenye jiwe refu la upande wa kusini. Wa kwetu ni la tatu. Jiwe lenyewe tulilitoa kijitoni, mimi nilivunja barafu, Bartley akalitoa kwa mkono. Aliliosha, akalifuta na koti lake, akalibusu. Sijasema hilo kwa mtu yeyote toka siku ile."

Mama alifumba macho.

"Hatua ngapi kutoka jiwe refu, baba mdogo?" nikauliza.

"Hatua? Sikupima hatua, mwanangu. Si nimekwambia la tatu?"

"Hata kwa kukisia, Thady," Mama akasema haraka. "Hatua tano? Kumi? Mlikuwa mmesimama wapi?"

"Kulikuwa na theluji na tulikuwa tunalia, wote wawili. Nani apime? Ndiyo kazi ya jiwe, shemeji, ili mtu asihitaji kupima." Akatutazama, mara yeye, mara mimi. "Hamna haja ya kuhangaika. Nichukueni Jumamosi, nitawaonyesha kwa kidole."

Alifurahi. Hicho ndicho kilichoniua. Alifurahi kwamba kuna kitu kilichobaki duniani ambacho ni yeye tu anakijua.

Wiki ile sikulala sawasawa wala sikula. Nilijaribu kumwambia Mama, Mungu shahidi. Jumanne nilimkuta anapiga pasi koti lake la misa, nikafungua mdomo, nikauliza kama anataka mayai. Jumatano tulikuwa ndani ya gari, mvua inanyesha, hakuna pa kukimbilia, nikasema "Mama," akasema "Naam," nikasema vipangusa kioo vimechoka. Mimi huyu! Mimi ninayewaambia watu ukweli wao usoni mpaka wanabadilisha njia wakiniona.

Niliwaza kuchimba. Nilikwenda mpaka pale na sepetu, nikasimama. Nichimbe nini? Mifupa ya mtoto wa saa moja, udongo wetu wenyewe huu mchachu, miaka hamsini na sita, hakuna kilichobaki. Na wangekuwa watoto wa watu wengine pia, ambao nao niliwafuta. Majirani akina Feeney walikuwa na mtoto wao pale, nilikuja kujua. Akina Henry pia. Nikarudi na sepetu langu.

Ijumaa Mama alikwenda kutengenezwa nywele. Nywele, kwa ajili ya Kitanda! Nilimshusha mjini, nikarudi mbio, nikatoa toroli, nikateremka kijitoni. Nikaokota mawe meupe kumi na moja. Nikayapandisha kilima nikihema, nikaingia ndani ya uzio ninaoulinda, chini ya kibao cha serikali, nikayapanga safu moja kutoka jiwe refu la kusini. Nikayapaka matope. Nikayakanyagia kwenye nyasi yazame kidogo, yaonekane ya zamani. Nilivunja kila sheria ninayowapigia watu kelele. Nilipofika la tatu nilipiga magoti nikaliomba radhi jiwe ambalo jana yake lilikuwa linapitiwa na maji tu, halina habari ya mtu.

Kwa nini sikusema kweli? Nimejiuliza. Nilijiambia ni kwa ajili yake, mwanamke wa miaka sabini na minane, amebakiza nini, mwache amwage maji yake apumzike. Hiyo ni robo ya kweli. Robo tatu iliyobaki ni kwamba nilimwogopa. Sikutaka kumwona anavyonitazama atakapojua.

Jumamosi kulikuwa na jua. Nilimfuata Thady, nikamfunga kwenye kiti chake kwa mkanda wa suruali, nikakisukuma malishoni. Magurudumu yanazama, ng'ombe wanatufuata wanatushangaa.

"Unanifanya nini tena, shetani wa mtoto?" anapiga kelele. "Utanimwaga!"

"Tulia baba mdogo. Nimewahi kusukuma fahali mzito kuliko wewe."

"Na alikuwa mzuri kuliko wewe, bila shaka."

Mama alitembea pembeni, fimbo mkono mmoja, kichupa mkono mwingine, nywele zake zimesimama hazitikisiki. Hakucheka.

Nilifungua geti. Nikamsogeza Thady mpaka kwenye jiwe la kusini. Akainama mbele, akakunja macho, akatafuta.

"Ndiyo haya," akasema polepole. "Moja. Mbili. Hili." Akanyoosha kidole. "Hili hapa, Delia." Kisha akainamisha kichwa upande. "Nilidhani lilikuwa kubwa kidogo."

"Mawe huzama, baba mdogo," nikasema. "Miaka hamsini na sita."

"Kweli. Kila kitu huzama."

Mama alisimama mbele ya lile jiwe kwa muda mrefu. Alilitazama. Kisha akanitazama mimi, usoni, kwa utulivu, mpaka nikashusha macho. Nikadhani ananishukuru. Akaniomba mkono nimsaidie kupiga magoti, na magoti yake yalilia kama geti. Aliweka kiganja juu ya nyasi. Akafungua kichupa.

"Sabina," akasema.

Hilo ndilo lilikuwa jina. Halikuwa limewahi kutamkwa katika nyumba yetu.

"Sabina, nakubatiza kwa jina la Baba," akamwaga kidogo, "na la Mwana," akamwaga kidogo, "na la Roho Mtakatifu." Maji yakashuka pembeni mwa jiwe, yakaosha tope langu, na chini ya tope jiwe likatokea jeupe safi, jipya, halina hata ukoga. Nililiona nikaganda. Thady hakuona. Alikuwa amefunika uso kwa kofia yake na mabega yanaruka.

"Amina," Mama akasema. "Niinue, Dympna."

Nikamrudisha Thady mjini. Njia nzima alinishika mkono ninapobadilisha gia, akisema sasa naweza kufa vizuri, mwanangu, sasa naweza kufa vizuri. Nilirudi saa kumi na moja na nusu, saa ya kukamua imeshapita, na ng'ombe wamejazana kwenye geti la banda wanalia.

Mama alikuwa jikoni, bado amevaa koti. Amekaa kwenye kiti karibu na dirisha.

"Nikuwekee chai, Mama?"

"Kaa."

Nikakaa.

"Yale mawe umeyatoa kijitoni?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Safari saba," akasema. "Toroli saba. Nilisimama hapa hapa dirishani, nikazihesabu. Mwaka sabini na tisa. Ulikuwa umefunga kitambaa cha baba yako kichwani na ulikuwa unaimba."

"Uliniona?"

"Nilikuona."

Unajua nilichofanya? Nilipiga kelele. Badala ya kuanguka miguuni pake nilimpigia kelele mama yangu. "Kwa nini hukunizuia? Neno moja, Mama! Ungefungua dirisha tu! Ungeniambia acha!"

"Ningesema nini, kama ungeniuliza kwa nini? Baba yako alisema tusimtaje. Nilikuwa sijamtaja kwa mdomo huu hata kwenye kitubio. Nilikuwa sijui hata sauti itatokaje." Alikuwa anasema taratibu, macho nje. "Kila ulipopita toroli limejaa, nilisema, likirudi tupu nitakuita. Likarudi tupu, nikasema, safari ijayo. Nilikuwa nimeshika komeo la dirisha. Mara saba, Dympna. Sikufungua. Hilo lako ni kosa la asiyejua. Mimi nilijua."

Nilianza kulia, kilio kile kibaya cha mtu mzima, na kamasi.

"Nilidhani Thady atakuwa na hatua," akasema. "Ndilo tumaini nililokuwa nalo. Hatua tu, au mti, au chochote. Aliposema hakupima, nilijua imekwisha."

"Basi mbona umemwaga maji? Ulijua si pale alipo!"

"Thady alikuwa amefurahi. Na wewe ulikuwa umesimama pale na uso wako huo, umechakaa wiki nzima kwa kunidanganya." Akavuta koti. "Huko juu sijui nina mtoto upande gani. Wewe nakuona."

Nikashuka sakafuni. Niliweka kichwa mapajani mwake, mimi na miaka yangu yote. Nikasema nisamehe, nisamehe, nisamehe.

"Nilikukasirikia miaka mingi," akasema. "Hukuona? Umewahi kuniona nimetia mguu kwenye lile banda?"

Sikuwahi. Miaka ishirini na nane, hata siku moja, na mimi nilikuwa nawaambia watu mama yangu anaogopa mashine. Jiwe ambalo baba alilibusu liko chini ya zege lile, na juu yake asubuhi na jioni nimekuwa nikisimama na viatu vya mpira nikipiga mluzi.

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa nimechoka."

Hakuniwekea mkono kichwani mara moja. Aliuweka baadaye. Tulikaa hivyo mpaka ng'ombe wakawa wanapiga pembe kwenye geti, na kelele zao zikawa za kuomba. Wewe usiyefuga hujui, lakini ng'ombe mwenye kiwele kilichojaa akicheleweshwa analia kama mtu.

"Nenda kawakamue," Mama akasema.

"Siwezi. Mama, siwezi kukanyaga pale."

"Utakanyaga."

"Siwezi."

Akanishika kidevu, akaniinua uso. Mkono mwingine ulikuwa umelikamata koti pale kifuani, umelikaza.

"Mimi yalinijaa siku ya tatu," akasema. "Maziwa. Hakuna aliyeniambia kwamba yatakuja tu, hata kama mtoto hayupo. Baba yako alinifunga shuka, akaikaza kwa goti, na bado yalitoka. Wiki nzima nililowa, na hakuna wa kunyonya. Nayajua maumivu yale, Dympna. Usimwache mnyama nayo."

Nikajifuta uso kwa mkono, nikavaa viatu vyangu vya mpira, nikaenda kukamua.